Mass Effect mpya: Ota, lakini pesa zikae mfukoni kwanza

Kama bado unamkumbuka Mordin akipanda ile lifti, kisha akijiimbia kule juu, hii inakuhusu. BioWare, studio ya kule Edmonton, Canada, inaunda Mass Effect nyingine. Trela ya Desemba 2020 ilituonyesha Liara akiokota kipande cha vazi la N7 kwenye theluji, akatabasamu. Nasi tukaanza kuulizana: Shepard yuko hai?

Lakini tuambiane ukweli, wasee. Tumewahi kuchomeka. Mwaka 2012, maamuzi yetu ya gemu tatu nzima yaliishia kuchagua rangi: nyekundu, buluu au kijani. Kelele zilizidi hadi BioWare ikaongeza matukio ya mwisho, bure. 2017 ikaja Andromeda: sayari zinapendeza, lakini nyuso za watu zimekakamaa kama sanamu za duka la nguo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu. Januari 2025 studio ilipunguza wafanyakazi, wakiwemo waandishi wa miaka mingi. Na ni mwandishi, si picha kali, aliyekufanya ukae pale Virmire na kontrola mkononi, ukishindwa kuamua umwokoe Ashley au Kaidan. Hicho ndicho tunachongoja kirudi.

Kwa hivyo ota, bishana na mabeste usiku kucha. Lakini usilipie gemu kabla haijatoka. Ngoja wiki moja, usikie walioinunua wanasemaje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa mara mbili.