Sura ya 4: Maji Yalifika Wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Kanada iitwayo Spartan Air Services ilitakiwa kutafuta eneo la kupanda miti nchini Kenya. Eneo hilo lilipaswa kutimiza masharti kadhaa kwa mpigo, na kila sharti lilikuwa na ramani yake. Kijana mmoja wa kampuni hiyo, mwanajiografia Roger Tomlinson, alipiga hesabu ya kuzilaza ramani hizo moja juu ya nyingine na kuzichambua kwa mikono. Gharama ilikuwa kubwa mno, kazi ikaachwa. Tomlinson hakuliacha swali: kwa nini kompyuta isifanye kazi hii? Serikali ya Kanada ilimpa nafasi ya kujaribu, na hapo ukazaliwa mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao leo kila ofisi ya mipango miji inauita GIS.

Ndani ya GIS kila jambo lina tabaka lake: nyumba tabaka moja, mito jingine, udongo jingine, barabara jingine. Kila umbo katika tabaka linajua mahali lilipo duniani, na nyuma yake kuna mstari wa jedwali unaolieleza. Ukibonyeza mtaro, unaona upana, kina, kama umejengewa kwa zege au ni wa udongo, kama umeziba. Kwa hiyo unaweza kuiuliza ramani swali na ikakujibu. Mfano: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Programu inachora ukanda wa mita 60 kila upande wa mto, inaulaza juu ya tabaka la nyumba, kisha inakupa orodha ya zilizoangukia ndani. Ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko kwenye kuhakikisha kwamba kilichowekwa ndani ya matabaka hayo ni kweli, na hakuna mahali panapoonyesha hilo vizuri kama bonde la Msimbazi.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unakatiza Dar es Salaam na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Desemba 2011 mvua kubwa ililijaza bonde, watu wakapoteza maisha, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Bonde limefurika tena mara nyingi tangu hapo. Barabara inayokatiza bonde pale Jangwani imefungwa mara kadhaa, na karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa palepale bondeni, imeingiliwa na maji.

Mpangaji anayetaka kujua maji yatafika wapi huanza na mwinuko wa ardhi. Kwa miaka mingi data iliyopatikana bure ilikuwa ile iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000. Toleo lake lenye maelezo zaidi linaigawa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia katika visanduku vya takribani mita 30 kwa 30, na kila kisanduku kina namba moja tu ya kimo. Sasa fikiria Tandale, kata ya Dar es Salaam yenye nyumba zilizobanana. Ndani ya kisanduku kimoja zinaenea nyumba kadhaa, uchochoro, choo cha shimo na mtaro, na rada yenyewe mara nyingi ilipima paa badala ya ardhi. Kosa la mita kadhaa halina madhara makubwa ukichora mlima, lakini mtaani, ambako nusu mita ndiyo inayoamua kama godoro litalowa, data hiyo haikusaidii. Ndiyo maana droni zilileta mabadiliko makubwa: picha zake zinaonyesha hadi mfuniko wa ndoo uani.

Hata hivyo droni haioni maji yaliyopita mwaka jana. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulilitambua hilo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuitumia. Walipita na simu na karatasi, wakapima mitaro, wakaandika majina ya mahali kama wenyeji wanavyoyataja. Baadaye ikachorwa hata mipaka ya mashina, yaani makundi madogo ya kaya ndani ya mtaa, kwa sababu maafa yakitokea, mjumbe wa shina ndiye anayejua nani anaishi mlango upi.

Na mkazi ndiye kipimo cha mafuriko. Hatakwambia sentimita 90. Atakwambia maji yalifika kiunoni, atakuonyesha alama ya tope ukutani, atakumbuka yaliingia usiku kupitia mlango wa nyuma. Goti, kiuno, kifua: ukikusanya majibu hayo nyumba kwa nyumba na kuyaweka juu ya kimo cha ardhi, unapata ramani ya kina cha maji. Mimi naliona tabaka hili kuwa la thamani kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloyasahihisha mengine. Hesabu za kompyuta zikisema uchochoro fulani ni mkavu, na wakazi kumi wa pale wanasema kifuani, hesabu ndizo zirudiwe.

Kisha inakuja rangi, na hapa uangalifu unahitajika sana. Data ileile inaweza kupakwa nyekundu kuanzia maji ya goti au kuanzia maji ya kifua, na eneo la hatari likapanuka au kusinyaa bila namba hata moja kubadilika. Kwa mwenye nyumba, rangi hiyo ni suala la kubaki au kubomolewa. Wakazi wa Msimbazi wanaikumbuka Desemba 2015, alama nyekundu za X zilipochorwa kwenye kuta na matingatinga yakafuata.

Mstari wa mita 60 una shida kama hiyo. Unapimwa kutoka ukingo upi? Msimbazi hubeba mchanga mwingi kutoka juu, ambako miti imekatwa na nyumba zimepanda vilimani. Mchanga hutua Jangwani, kitanda cha mto hupanda, maji hutafuta njia mpya, na ukingo huhama. Ukanda uliochorwa kwa picha ya miaka mitano iliyopita unaweza kumweka ndani yake mtu aliyejenga kihalali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hili, na katika mradi wa aina hiyo mistari ya ramani ndiyo inayoamua nani ahame na nani alipwe fidia. Kwa hiyo tarehe ya picha iandikwe kwenye kila ramani, na ramani ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, mapema, wakati mstari bado unaweza kupingwa na kuchorwa upya.