Chakula Kinacholipiwa Kabla ya Njaa

Wako katika wasomaji wetu, na khasa wale wakaao Marekani na Kanada, ambao kila zikaribiapo likizo za shule huanza kuweka fedha kidogo kidogo ili wawapeleke watoto wao Walt Disney World, mahali pa michezo palipo karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida. Safari hiyo si ndogo. Kuna nauli, kuna hoteli, kuna tikiti za kuingilia viwanjani. Na baada ya yote hayo mzazi huulizwa swali jingine: Je, wataka kulipia na chakula chenu sasa hivi, kabla hamjatoka nyumbani? Swali hili ndilo tunalotaka kulipima leo, kwani wanaouliza ni wengi, na fedha zinazotajwa ni jasho la watu.

Yafaa kwanza tujue kitu chenyewe ni nini. Mahali hapo palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Mpango wa kulipia chakula kwa namna tunayoizungumzia ulianza mwaka 2005, ukasimamishwa mwaka 2020 viwanja vilipofungwa kwa maradhi ya Korona, kisha ukarejeshwa tarehe 9 Januari 2024. Huuzwa kwa wageni wanaolala katika hoteli za kampuni yenyewe, na ulirejeshwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ndogo: kwa kila usiku mmoja wa kulala, kila mtu hupata milo miwili ya haraka, ile ambayo mtu huiagiza kwenye kaunta na kujichukulia mwenyewe, na kitafunio kimoja. Namna ya pili ni kubwa: mlo mmoja wa haraka, mlo mmoja wa kukaa mezani na kuhudumiwa, na kitafunio kimoja. Katika zote mbili kila mtu hupewa kikombe cha kujazia vinywaji hotelini kwa muda wote wa kukaa kwake.

Bei za mwaka 2024 zilikuwa hivi. Mpango mdogo ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mkubwa na dola 23.83 kwa mtoto, kwa kila usiku. Mpango mkubwa ulikuwa dola 94.28 kwa mkubwa na dola 29.69 kwa mtoto. Bei hizi hupandishwa mwaka baada ya mwaka, kwa hivyo msafiri na atazame za mwaka wake. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile, na njia ndiyo tunayotaka kuifundisha hapa.

Na tuchukue nyumba moja: baba, mama, na watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na wa pili wa miaka 8, wakalala huko usiku 4. Mpango mdogo kwa bei hizo utawagharimu dola 646.72, na ule mkubwa dola 991.76. Fedha kama hizo katika nyumba nyingi ni kodi ya nyumba au sehemu yake kubwa. Basi hapana budi kuuliza: je, mwenye kuzitoa atakula chakula cha thamani hiyo?

Ziko sharti nne ambazo muuzaji hazifichi, lakini mnunuzi mara nyingi hazisomi mpaka mwisho.

Sharti la kwanza ni la umri. Mtoto, katika hesabu yao, ni yule wa miaka 3 mpaka 9. Aliyetimiza miaka 10 huhesabiwa kuwa mtu mkubwa. Basi katika nyumba yetu ile, lau yule wa miaka 8 angekuwa wa miaka 10, mpango mkubwa ungepanda kutoka dola 991.76 mpaka dola 1,250.12. Tumbo la mtoto halikukua kwa kadiri hiyo. Ni bei tu iliyokua.

Sharti la pili ni kwamba watu wote wa chumba kimoja, wa miaka 3 na zaidi, hununua mpango ule ule. Haiwezekani kumnunulia mtoto peke yake ukamwacha mama yake. Tutaona baadaye kwa nini jambo hili lina uzito.

Sharti la tatu ni la muda. Milo huandikwa katika hesabu ya mgeni kama tikiti, na tikiti zisizotumiwa hufa saa sita ya usiku wa siku ya kuondoka. Hazirudishwi fedha. Tena tikiti zatolewa kwa hesabu ya usiku, wala si kwa hesabu ya siku. Anayelala usiku 4 huwa huko siku 5, lakini ana tikiti za siku 4 tu.

Sharti la nne ni bakshishi. Katika nchi ile anayekaa mezani akahudumiwa hutazamiwa kumwachia mhudumu asilimia 18 au 20 ya bei ya chakula, na hiyo haimo katika mpango. Meza ambayo chakula chake kina thamani ya dola 200 yadai dola 36 za bakshishi kwa asilimia 18, na kwa siku nne ni dola 144. Anayelipa kwa fedha zake pia atatoa bakshishi, ni kweli. Lakini yeye hakudhani kuwa amekwisha lipa kila kitu.

Sasa na tuje kwenye mizani yenyewe, na tuchukue mpango mdogo, kwani ndio ulio wepesi kupimwa. Tuseme chakula kimoja cha kaunta ni dola 15, soda ni dola 5, na kitafunio ni dola 7. Bei za namna hii si ngeni huko. Milo miwili yenye soda na kitafunio kimoja ni dola 47, na ukiongeza kodi ya mauzo ya wilaya ya Orange, ambayo ni asilimia 6.5, ni kama dola 50. Mpango ni dola 57. Kwa hivyo mkubwa anayekunywa soda hupungukiwa na dola 7 kila siku, na hata akikitumia kile kikombe cha hoteli kila asubuhi na jioni atakaribia tu kulingana. Ama yule anayetosheka na maji, maji baridi hutolewa bure katika kikombe kwenye kaunta zinazouza vinywaji. Huyo angetumia dola 39 tu. Mpango umemtoza dola 18 zaidi.

Basi ni nani anayepata faida? Ni mnywaji wa pombe. Tangu mwaka 2018 kinywaji kinachoandamana na mlo chaweza kuwa bia au mvinyo au pombe iliyochanganywa, kwa mtu aliyetimiza miaka 21. Weka bia ya dola 11 mahali pa soda katika kila mlo, na hesabu yetu itapanda mpaka dola 63. Hapo mpango wa dola 57 umekuwa nafuu. Hili ndilo jambo ambalo tunataka kila mzazi Mwislamu alitazame vizuri. Mpango huu hauna bei mbili, moja ya mnywaji na moja ya asiyekunywa. Bei ni moja, na anayeacha glasi ile huiachia kampuni. Hatusemi kuwa amenunua pombe, la, kwani yeye ameagiza soda na soda ndiyo aliyopewa. Twasema kwamba unafuu ambao wenziwe hummwambia kuwa wameupata, wengi wao wameupata katika glasi ambayo yeye hataigusa. Basi asifuate hesabu ya watu wengine. Na kijana wake wa miaka 12, anayelipiwa bei ya mkubwa, glasi hiyo hata sheria ya nchi hairuhusu apewe.

Kisha kuna nyama. Katika kiwanja kiitwacho Animal Kingdom, kilichofunguliwa mwaka 1998, wajenzi wameunda kijiji cha pwani wakakiita Harambe, na mfano wake wameuchukua Lamu. Karibu yake iko hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo nyumba zake huitwa Jambo na Kidani, na mikahawa yake imepewa majina kama Boma, Jiko na Sanaa. Msomaji wetu aingiapo huko moyo wake hufurahi kuiona lugha yake milangoni. Lakini jina la Kiswahili juu ya mlango si ushahidi kwamba kuku wa ndani amechinjwa kwa njia yetu. Mwenye kutaka nyama ya halali na aulize mapema, mkahawa mmoja mmoja, kabla ya safari, wala asikadirie. Wengi wa jamaa zetu huishia kwenye samaki na mboga. Na mkahawa wa mezani huhesabu tikiti ile ile moja kwa sahani ya nyama ya ghali na kwa sahani ya mboga ya bei ndogo. Basi yule ambaye dini yake imemzuilia sahani ya ghali, na tena glasi ya ghali, hulipa kama mwenzake na hula kidogo kuliko yeye.

Insafu yataka tuseme na upande wa pili. Mpango una faida, na faida yake kubwa iko kwa watoto wadogo. Mtoto wa miaka 3 mpaka 9 alilipiwa dola 23.83 katika mpango mdogo, na milo miwili ya watoto pamoja na kitafunio hufika huko kwa urahisi. Katika mpango mkubwa alilipiwa dola 29.69, na bufe nyingi za jioni ambazo Mickey na wenziwe hupita mezani kuwasalimu watoto hutoza zaidi ya dola 30 kwa mtoto mmoja, kabla hajala kitu kingine siku hiyo. Kwa mtoto basi ni nafuu ya wazi. Lakini ndiyo maana tukasema sharti la pili lina uzito: nafuu ya mtoto hainunuliwi mpaka wazazi wake nao wanunue. Lile linaloingia kwa mlango wa mtoto hutoka kwa mlango wa baba. Kwa safari za mwaka 2026 kampuni ilitangaza kuwapa mpango bure watoto wa umri huo, iwapo wakubwa wameununua pamoja na chumba na tikiti kwa bei isiyopunguzwa. Hapo mizani hubadilika. Lakini mtu na aweke upande wa pili punguzo la chumba ambalo angelipata na sasa amelikosa.

Faida ya pili ni raha ya moyo. Wako wazazi ambao kila mlo kwao ni mashaka: watoto huchagua, nao huangalia bei. Mtu huyo akilipa mbele hupumzika, na watoto hupumzika pamoja naye. Hili si jambo dogo. Ila ajue kuwa amenunua raha, wala asijiambie kuwa ameweka akiba.

Tena raha hiyo huja na kazi yake. Mikahawa ya mezani hushikwa siku 60 kabla, na aliyechelewa huzunguka na tikiti asizojua pa kuzitumia. Watoto waliochoka saa kumi na mbili jioni, ambao wangetosheka na mkate na kulala, huvutwa mezani kwa kuwa meza imelipiwa. Na siku ya mwisho huonekana watu wakinunua biskuti na peremende kwa mifuko, si kwa njaa wala kwa hamu, bali kwa sababu saa sita ya usiku inakaribia na tikiti zitakufa. Wazazi waliowafundisha watoto wao nyumbani kuwa aliyeshiba huacha, huwafundisha hapo kuwa aliyelipa hula. Sisi twaona hasara hii ni kubwa kuliko zile dola 18.

Basi rai yetu ni hii. Nyumba yenye watoto wadogo watupu, ambayo kwa hali yoyote ilikusudia kula bufe kila jioni, na inunue ule mkubwa baada ya kuandika hesabu yake. Nyumba iliyopewa mpango wa watoto bure nayo na ipime. Ama nyumba yenye vijana wa miaka 10 na kuendelea, ambayo haili nyama isiyo halali, wala haigusi pombe, na hutosheka na maji, hatuoni kheri yake katika mpango huu.

Nyumba hiyo na ifanye hivi. Iandike bei ya mpango mdogo kwa hesabu ya watu wake, ichukue fedha kadiri hiyo hiyo, izitie katika bahasha, na iandike juu yake: chakula. Kila mlo ulipwe kutoka humo. Kampuni huruhusu mgeni kuingia viwanjani na chakula chake na vinywaji visivyo pombe, maadamu si katika chupa za kioo. Basi mama na afunge mikate, matunda na maandazi asubuhi, na jioni moja kati ya nne wakae kwenye bufe ile ambayo watoto wameitamani, waile kwa furaha na bila ya haraka. Fedha za bahasha hazifi saa sita ya usiku. Zitakazobaki zitarudi nyumbani pamoja na wenyewe, na wenyewe ndio watakaoamua zifanye kazi gani.