Otonglo ya Mfalme Edward: Je, Ni Adimu Kweli?

Barabara iendayo Busia kutoka Kisumu hupita katika soko liitwalo Otonglo. Jina hilo ndilo Wajaluo walilolitumia kwa senti kumi ya shaba, ile yenye tundu katikati, ambayo watu waliweza kuitunga katika kamba kama samaki. Siku hizi sarafu hizo zimelala makoponi, na wanunuzi huja kuziulizia. Yafaa mwenye nazo ajue anachouza.

Iliyozungukwa na maneno mengi kuliko zote ni ile ya mwaka 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo hakutimiza mwaka katika enzi. Alijiuzulu mwezi wa Desemba, na huko kwao Uingereza sarafu zake hazikutolewa kwa matumizi ya watu. Kwa hiyo husemwa kwamba otonglo yake ni mali kubwa. Sivyo hata kidogo! Senti tano na senti kumi za jina lake zilipigwa kwa wingi kwa ajili ya Afrika Mashariki, nazo hupatikana kwa bei ndogo. Florini ndiyo ya kutafutwa, kwa sababu ilikaa muda mfupi tu kati ya rupia na shilingi. Yenye tarehe ya 1921 ni shida sana kuiona.

Baada ya tarehe, tazama hali. Chukua kioo cha kukuzia ukague manyoya ya shingo ya simba katika shilingi, maana hapo ndipo panapolika kwanza. Katika otonglo tazama pembe za ndovu zilizo kando ya tundu. Tena usiisugue sarafu kwa majivu wala kwa mchanga wa ziwani ili ing'ae. Ile rangi ya kahawia iliyokolea huonyesha kwamba uso wake haujaguswa, na mnunuzi mjuzi akiona mikwaruzo hupunguza bei papo hapo.

Unyevu nao ni adui. Senti za aluminiamu za miaka ya 1907 na 1908 ziliharibika upesi katika hewa ya nchi hizi, hata serikali ikageukia madini mengine mwaka 1909. Aliye nayo moja iliyo safi, isiyo na madoa meupe wala vishimo, aiweke katika bahasha kavu ya karatasi, na asikubali bei ya mnunuzi wa kwanza kabla hajamwonyesha wa pili.