Kuchora Mstari wa Kupinda kwa Kompyuta: Si Lazima Mkono Uwe Mwepesi



Mwaka jana, zilipobaki wiki mbili kabla ya Mei Mosi, sisi wa kamati ya tawi tulipeleka alama ya chama chetu kwa mchapaji mjini atutengenezee bango la kitambaa la mita 4. Alama yenyewe mnaijua: majani mawili ya chai na chipukizi lake, na chini yake mikono miwili iliyoshikana. Alama hiyo hatukuwa nayo mahali pengine ila katika simu, picha ndogo iliyopigwa kutoka kwenye kadi ya uanachama. Bango lilipokuja tuliona aibu. Kingo za majani zilikuwa kama ngazi, na vidole vya ile mikono vilikuwa kama matofali yaliyopangwa.

Tulipouliza, tuliambiwa tulipe tena ili alama ichorwe upya. Tukalipa, maana siku zilikuwa zimekwisha. Baadaye tulipoomba tupewe mchoro huo tuuweke ofisini, tukaambiwa mchoro ni mali ya duka, na kila tukiuhitaji twende tukalipe. Fedha hizo, ndugu, ni michango yenu inayokatwa katika mshahara kila mwezi. Basi tukakata shauri kwamba kazi hii tutajifunza wenyewe. Ofisini tuna kompyuta moja iliyozeeka, na iko programu ya kuchorea iitwayo Inkscape, ambayo ilianza mwaka 2003 na hutolewa bure kwa mtu yeyote. Tulikaa nayo jioni baada ya kazi kwa muda wa miezi mitatu. Makala hii tumeiandika ili wenzetu wa matawi mengine wasipoteze muda kama tulivyopoteza sisi.

KWA NINI PICHA ILIHARIBIKA

Picha ya simu ni kama mkeka. Imesukwa kwa vijiraba vidogo vya rangi, na kwa mbali jicho halivioni. Ukiuvuta mkeka huo uwe wa mita 4, vijiraba havizidi idadi, vinakuwa vikubwa tu. Ndiyo maana tuliona ngazi.

Iko namna nyingine ya mchoro, inayoitwa vekta. Huu hauwekwi kwa vijiraba bali kwa maelekezo: anzia hapa, pindia upande huu, ishia pale. Ukitaka mchoro mdogo wa beji au mkubwa wa bango, kompyuta inayafuata maelekezo yale yale na kuchora upya, na ukingo unabaki laini. Kwa hiyo anayetaka alama safi hana budi kujua jinsi ya kutoa maelekezo ya mstari uliopinda. Mstari ulionyooka ni rahisi, unahitaji nukta mbili tu. Taabu yote iko katika kupinda.

MAARIFA HAYA YALITOKA KIWANDANI

Zamani wachoraji wa merikebu walikuwa wakipinda ufito mwembamba wa mbao juu ya karatasi, wakaushikilia kwa vipande vizito vya risasi, kisha wakapitisha penseli pembeni yake. Katika viwanda vya magari, umbo la gari lilitoka katika michoro mikubwa na vielelezo vilivyochongwa na mafundi. Ujuzi ulikuwa katika mikono na macho yao, na haikuwa rahisi umbo lipite kutoka kwa fundi mmoja hadi kwa mwingine bila kubadilika.

Huko Ufaransa, mtaalamu wa hesabu jina lake Paul de Casteljau aliajiriwa na kampuni ya magari ya Citroën mwaka 1958. Mwaka uliofuata alikuwa amepata njia ya kueleza mstari wa kupinda kwa hesabu, kwa kutumia nukta chache. Kampuni iliificha kazi yake isijulikane nje. Katika miaka ya 1960, injinia Pierre Bézier wa kampuni ya Renault alifikia jambo lile lile kwa njia yake mwenyewe, naye akaruhusiwa kulichapisha. Ndiyo sababu hadi leo dunia nzima inaiita mistari hiyo kwa jina la Bézier, na yule aliyetangulia alijulikana baada ya miaka mingi. Bézier alifariki mwaka 1999, na de Casteljau mwaka 2022. Sisi wa chama tunaona hapo fundisho: maarifa yaliyofungiwa kabatini hayamfaidii hata aliyeyatolea jasho.

JARIBU KWANZA KWA PENSELI

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi kubwa, rula na penseli. Hata karatasi ya mfuko wa saruji yafaa.

Piga mstari wa sentimita 16 chini ya karatasi. Mwisho wa kushoto andika A, mwisho wa kulia andika D. Juu ya A, sentimita 8 wima, weka nukta B. Juu ya D, sentimita 8 wima, weka nukta C. Sasa unganisha A na B, B na C, halafu C na D. Umepata kama mlango uliolala.

Tafuta katikati ya kila mmoja wa mistari hiyo mitatu, utie alama. Unganisha alama ya kwanza na ya pili, halafu ya pili na ya tatu. Umepata mistari miwili mipya. Tafuta katikati ya kila mmoja, unganisha. Umebaki na mstari mmoja. Katikati ya huo ndipo mpindo unapopita. Pima kutoka chini: utakuta ni sentimita 6, wala si 8.

Rudia kazi hiyo, lakini mahali pa nusu tumia robo, ukipima daima kutoka upande wa kuanzia. Utapata nukta iliyo sentimita 2 na nusu kutoka wima wa A, na kimo chake sentimita 4 na nusu. Kwa upande wa D fanya vivyo hivyo kwa robo tatu, nawe utapata kimo kile kile. Ukiunganisha nukta zako tano taratibu, tao zuri litatokea.

Hii ndiyo njia ya de Casteljau, na kazi inayofanywa ndani ya kompyuta ni hiyo hiyo. A na D ni nukta ambazo mstari unapita. B na C ni ncha za mipini. Mstari haufiki kwenye ncha hizo, unavutwa kuelekea kwao tu, kama mbuzi anayevutwa kamba akawa anakuja lakini hamfikii mvutaji. Mpini mrefu huvuta sana, mpini mfupi huvuta kidogo.

KWENYE KOMPYUTA

Fungua Inkscape, bonyeza herufi B. Umeshika kalamu. Ukibonyeza kipanya na kukiachia papo hapo, unaweka nukta ya kona. Ukibonyeza, ukashikilia na kuvuta kabla ya kuachia, unaweka nukta laini, nayo mipini miwili inatokea, mmoja kila upande. Ukimaliza bonyeza Enter. Ukitaka umbo lifungwe kama jani, rudi ubonyeze nukta ya kwanza.

Usijisumbue kupata umbo sawa mara moja. Chora ovyo ovyo kwanza, kisha bonyeza herufi N, na hapo unaweza kusogeza kila nukta na kila mpini. Ukikosea, shika Ctrl ubonyeze Z, kosa linafutika. Ukitaka nukta laini igeuke kona, ichague, shika Shift ubonyeze C. Ukitaka kona igeuke laini, shika Shift ubonyeze S.

Kuchora juu ya alama ya zamani ni hivi: ingiza picha ya kadi ndani ya programu, ipunguze rangi mpaka ififie, ifunge isisogee, kisha chora juu yake.

MAKOSA TULIYOYAFANYA

Kosa la kwanza lilikuwa nukta nyingi. Tulidhani kadiri zinavyozidi ndivyo mstari utakavyofuata jani vizuri. Jani letu la kwanza lilikuwa na nukta zaidi ya 40, na lilitetemeka kama lililoandikwa ndani ya basi. Kila nukta ni mahali ambapo mkono wako unaweza kukosea. Jani zima linahitaji nukta nne: kona moja kwenye ncha, kona moja kwenye kikonyo, na nukta laini moja kila upande, pale lilipo pana kupita kwingine. Hata duara kamili huchorwa kwa nukta nne, juu, chini, kushoto na kulia, na kila mpini uwe na urefu wa nusu kipenyo mara 0.55. Haiwi duara halisi ya hesabu, lakini jicho la mtu haliwezi kuona tofauti.

Kosa la pili lilikuwa kuweka nukta mahali popote. Ziweke pale umbo linapofika mwisho wa upande: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. Hapo mpini ulale sawa au usimame wima. Ukishika Ctrl unapouvuta, mpini hausogei ovyo bali huruka kwa hatua za nyuzi 15.

Kosa la tatu lilikuwa mipini mirefu mno. Ikipishana, mstari hujikunja fundo. Anza na theluthi ya urefu wa kipande unachokichora, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo huku ukitazama.

Katika programu iko amri ya kupunguza nukta, Ctrl pamoja na L. Itumieni kwa tahadhari, kwa sababu haijui jani la chai, nayo huweza kukata ncha.

NANI ALIYECHORA JANI LETU

Tuliopeleka maombi ya kwanza ya kujifunza tulikuwa vijana wawili wa karakana na sisi wa ofisi. Mama mmoja wa tawi letu, mchumaji wa miaka mingi, alikuja jioni moja kuuliza habari ya likizo yake. Vidole vyake havikunjuki vizuri, hasa asubuhi ya baridi. Akasimama nyuma yetu, akatazama kioo cha kompyuta, akacheka.

"Katibu, hilo si jani la chai. Hilo la mwembe."

Tulimwambia kwamba ndivyo lilivyokuwa kwenye bango lililolipiwa. Akasema yeye hachumi mwembe. Tukamkaribisha akae. Alikataa mwanzoni, akasema mikono yake haiwezi mambo ya ofisini. Tukamwonyesha kwamba hapa mkono hauchori, unaweka nukta tu, na nukta ikikaa vibaya inasogezwa mara 100 bila kuharibu karatasi. Akakaa. Alisogeza ile nukta ya ubavuni karibu na katikati, akaurefusha mpini mmoja, tumbo la jani likajaa. Ncha akaifanya kali. Chipukizi akaliinamisha kidogo, kwa sababu, alisema, halisimami kama msumari. Ilimchukua jioni mbili. Hakuna kati yetu aliyeweza kufanya hivyo, kwa kuwa tulijua kompyuta kuliko yeye, lakini jani la chai yeye analijua kuliko sisi sote.

Tunalisema hili kwa sababu wengi wenu mnadhani kazi hizi ni za watu wenye vidole laini na shule ndefu. Sisi tulioandika makala hii tuliishia shule ya msingi. Ule mstari laini unatoka katika nukta chache zilizowekwa mahali pake, na anayejua mahali pake ni yule anayekijua kitu chenyewe.

KUHIFADHI NA KUPELEKA KWA MCHAPAJI

Hifadhini mchoro katika namna iitwayo SVG. Hii ni kanuni iliyo wazi kwa wote, na programu nyingi huisoma. Kwa mchapaji pelekeni nakala ya PDF, na kabla ya kuitoa badilisheni maneno yawe michoro, ama sivyo herufi zinaweza kubadilika kwenye kompyuta yake. Lakini nakala yenye maneno yanayoweza kusahihishwa ibaki ofisini. Msiache nakala moja tu. Sisi tunayo kwenye kompyuta, kwenye flashi mbili zinazowekwa na watu tofauti, na kwenye simu ya mweka hazina.

Bango la Mei Mosi ya mwaka huu lilitoka katika mchoro wetu. Mchapaji alilipwa kitambaa, wino na kazi yake ya kuchapa, ambayo ni haki yake. Mchoro hakutuuzia.

Tunaliomba kila tawi lichague watu wawili, na angalau mmoja awe mtu wa shambani au wa mashine, waje kujifunza siku za Jumamosi alasiri. Anayekuja na aje na flashi, ataondoka na alama ya chama bila malipo. Wa kwanza kujifunza awafundishe wengine, asiyafungie maarifa haya kabatini.

Umoja ni nguvu.