Osileta ya masafa ya chini

Osileta ya masafa ya chini, ambayo kwa kifupi huandikwa LFO, ni sehemu ya sinthesaiza inayotoa wimbi linalojirudia polepole, kwa kawaida chini ya hezi 20, yaani mizunguko 20 kwa sekunde. Sikio la binadamu husikia sauti za kati ya hezi 20 na 20,000 hivi. Kwa hiyo wimbi hilo lenyewe halisikiki. Kazi yake ni kuibadilisha sauti inayotolewa na osileta nyingine.

Matumizi

LFO hutumika hasa kwa njia tatu:

* Ikiongoza kimo cha noti, noti hupanda na kushuka kidogo kama sauti ya mwimbaji. Mtetemo huu huitwa vibrato, na kwa kawaida huwa hezi 5 hadi 7.
* Ikiongoza ukubwa wa sauti, sauti huongezeka na kupungua. Hii ni tremolo.
* Ikiongoza chujio la sauti, mlio hung'aa na kufifia kwa zamu.

Mpigaji huchagua pia umbo la wimbi. Wimbi laini hubadilisha sauti taratibu, na wimbi la mraba huirusha ghafla kati ya hali mbili. Kina cha badiliko nacho hupangwa: vibrato ikizidi, noti hupoteza kimo chake, na waimbaji wanaofuata kinanda hushindwa kushika sauti sahihi.

Kukokotoa kasi

Ili LFO iende sambamba na wimbo, idadi ya mapigo kwa dakika hugawanywa kwa 60. Singeli, muziki wa kasi uliozaliwa Dar es Salaam, mara nyingi huwa na mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa wimbo wa mapigo 240, 240 ÷ 60 = hezi 4, yaani mzunguko mmoja kwa kila pigo. Kasi hiyohiyo ikiachwa kwenye wimbo wa kwaya wa mapigo 60, kila pigo litapata mizunguko minne.

Historia

Mmarekani Robert Moog alitengeneza sinthesaiza yake ya kwanza mwaka 1964. Katika Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, osileta ya tatu iliweza kupunguzwa kasi na kutumika kama LFO. Siku hizi LFO hupatikana pia katika programu nyingi za kompyuta za kutengeneza muziki.