Kwa Nini Jedwali Hupinda Katika Kompyuta?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sekondari mjini Babati anayetunga programu ya kuonyesha maneno ya Kiiraqw na maana zake kwa Kiswahili. Vichwa vya jedwali vimenyooka. Lakini penye neno tsár, yaani "mbili", maana yake imesogea kushoto. Kosa liko wapi?

Terminali, yaani skrini ya maandishi matupu, imegawanywa mfano wa daftari la hesabu lenye miraba. Kila herufi ya kawaida hukaa katika mraba mmoja. Hata hivyo, kompyuta huhifadhi maandishi kwa baiti. Katika utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, herufi t huchukua baiti 1, bali á huchukua baiti 2. Hivyo tsár ina baiti 5, ingawa hukaa katika miraba 4. Programu ya lugha ya C iliyoagizwa kutenga nafasi 8 huhesabu baiti 5, ikaongeza nafasi 3 tu. Jumla inayoonekana ni miraba 7.

Kadhalika, á yaweza kuhifadhiwa kama alama mbili: a, kisha kistari cha toni kisicho na upana wake chenyewe. Hapo neno lilelile lina baiti 6 na alama 5, lakini miraba ni 4 vilevile.

Kinyume chake ni maandishi ya Kichina. Alama 水, yaani "maji", ni moja, ina baiti 3, na hujaza miraba 2. Programu inayohesabu alama badala ya miraba itausogeza mstari huo kulia.

Basi mchunguzi na apime mambo matatu mbalimbali. Katika Linux iliyowekwa kutumia UTF-8, amri wc -c huhesabu baiti, wc -m huhesabu alama, na wc -L hupima upana wa mstari mrefu kuliko yote. Hesabu zikitofautiana, huenda chanzo kimepatikana. Dawa ni kupanga safu kwa upana. Katika C kitendakazi wcswidth hupima upana huo.

Wako watakaoona ni rahisi zaidi kuandika tsar, ili jedwali linyooke. Tusifanye hivyo. Kistari kile huonyesha toni ya juu. Kikifutwa, msomaji wa kesho hatajua neno lilivyotamkwa. Kinachopaswa kusahihishwa ni programu, wala si lugha.