Usingoje Idi Ibishe Hodi Ndipo Utafute Sindano

Mpenzi msomaji, kama umewahi kufika Mama Ngina jioni ya Idi, basi hapana haja nikueleze. Watu hujaa kando ya bahari kuanzia alasiri. Huku mihogo yachomwa na kupakwa pilipili na ndimu, kule madafu yakatwa, na meli zapita polepole kuelekea Kilindini. Watoto hukimbizana chini ya mibuyu, kila mmoja akiwa na nguo mpya, na mama zao wakiwaonya wasizichafue kabla jua halijatua.

Zamani barabara hii ikiitwa Azania, kabla ya kupewa jina la Mama Ngina, mke wa Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka wa 2019 ilitengenezwa upya, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyika papo hapo. Lakini kwa mtu wa Mombasa, kazi yake kubwa haijabadilika. Mama Ngina ni mahali pa kuona na kuonwa.

Basi siku hiyo tazama vichwa vya wanaume. Utaona kofia nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo, kazi ya wiki nyingi. Kando yake utaona nyingine zilizotoka mashineni mamia kwa mamia, zikaletwa kwa meli. Kwa mbali zote ni kofia. Ukikaribia utajua tofauti. Na swali ninalotaka tuulizane leo ni hili: je, katika nyumba yako kuna mtu mmoja, mkubwa au mdogo, anayeweza kushona kwa mkono pambo moja la sikukuu? Kama hayupo, soma mpaka mwisho.

KOFIA NI MFARISHI MDOGO

Wengi wetu tukisikia habari ya kudarizi hudhani ni mambo ya kigeni, ya picha za magazeti ya Ulaya. Kumbe tumeyavaa kichwani siku zote.

Kofia ya mkono hushonwa kwa vipande viwili: duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Kitambaa ni cheupe cha pamba, nacho hulazwa tabaka juu ya tabaka. Mchoro huchorwa kwanza juu ya kitambaa. Kisha mshonaji hushona tabaka hizo pamoja kwa mishono midogo, akatoboa vitobo na kuzungushia uzi kila kitobo ili kisifumuke. Vitobo hivyo si urembo mtupu. Ndivyo vinavyopitisha hewa, na kwa joto letu la Pwani hilo si jambo dogo.

Kushona tabaka mbili au tatu pamoja ndiko wazee walikoita kutengeneza mfarishi. Mfarishi wa kitandani ni mkubwa na kofia ni ndogo, lakini akili ya kazi ni moja. Tena kazi hii haikukaa Mombasa peke yake. Utaikuta Lamu na Unguja, na ukivuka bahari utaikuta Omani, ambako kofia ya namna hii huitwa kumma. Ni sindano iliyosafiri na watu wake.

LESO NAYO ILIANZA KWA KUUNGANISHWA

Sasa ingia Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya leso. Neno lenyewe leso latokana na Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakashona safu mbili pamoja ili wapate nguo moja pana yenye vipande sita. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanavipenda, wakaanza kuichapisha nguo nzima.

Kwa hiyo, dada yangu, mtu akikuambia kuunganisha vipande ni kazi ya kizungu, mjibu kwamba bibi zetu waliunganisha vipande na leso ikazaliwa.

Baadaye yakaja maneno. Wengi humpa sifa hiyo Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza Mombasa mwaka wa 1887 na leso zake zikajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule usemi. Ukiyajua hayo matatu umekwisha pata nusu ya mapambo yako ya sikukuu, kwa sababu pindo lafaa kuzungushia mto, na jina lafaa kutundikwa ukutani.

ANZA NA MTO MMOJA

Usianze na mfarishi wa kitanda kizima, utachoka njiani. Anza na mto mmoja wa sebuleni wa inchi 16. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuufanya wakati wa likizo.

Kwanza chora. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, na upake rangi mraba baada ya mraba mpaka upate nyota, mwezi mwandamo au ua la asumini. Kila mraba ni mshono mmoja. Ikiwa wewe wasubiri Krismasi, chora nyota yako na kengele zako. Sindano haina ubaguzi.

Pili, tafuta kitambaa ambacho nyuzi zake zahesabika, kile chenye vishimo vilivyopangika. Kikiwa na vishimo 14 kwa inchi, mchoro wa mishono 70 utatoka inchi 5. Kata kipande cha mraba cha inchi 8 na nusu, na ushone kingo zake kwanza zisifumuke. Kikunje mara mbili upate katikati, na uanzie hapo.

Tatu, shona. Kila mshono ni nyuzi mbili zilizopishana mfano wa herufi X. Ukilaza uzi wa chini kutoka kushoto kwenda kulia juu, wa juu nao ulale kutoka kulia kwenda kushoto juu, na iwe hivyo mpaka mwisho. Hii ndiyo siri yote. Mishono ikilala huku na huku, kazi yako itaonekana kama imekwaruzwa na paka. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, la sivyo utafanya mafundo. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita ndani yake, nawe utumie mbili tu. Wala usipige fundo nyuma: uchomeke mkia wa uzi chini ya mishono.

Nne, unganisha. Chukua leso kuukuu lakini nzima, uifue kwanza, maana rangi nyekundu ina tabia ya kutoka. Kata vipande viwili vya inchi 8 na nusu kwa 4 na nusu, uvishone kushoto na kulia ya mchoro wako ukiacha robo inchi ya mshono. Kisha kata viwili vya inchi 16 na nusu kwa 4 na nusu, uvishone juu na chini. Umepata uso wa mraba wa inchi 16 na nusu.

Tano, laza tabaka tatu: bitana chini, pamba nyembamba katikati, uso juu. Kama pamba hakuna, kipande cha blanketi la zamani lililofuliwa chatosha. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje ili nguo isijikunje, kisha shona mishono midogo kufuata maua ya leso. Mgongo wa mto uwe vipande viwili vya inchi 16 na nusu kwa 11. Pinda ukingo mmoja wa kila kimoja, uvilaze vipandane katikati, na ushone kuzunguka pande zote nne. Hapo huhitaji zipu. Mabaki ya leso usiyatupe. Yakate pembetatu, watoto wayatunge kwenye utepe, wapate vibendera vya kutundika mlangoni.

Lakini hesabu siku zako. Idi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, basi usijidanganye kwamba bado iko mbali. Kata vitambaa Rajabu, shona Shaabani, na Ramadhani iwe ya kumalizia tu baada ya tarawehe. Haba na haba hujaza kibaba.

KOSA NILILOFANYA

Naomba nikuambie jambo ambalo sikulisema nyumbani kwa miaka.

Marehemu babu yangu alikuwa na kofia moja ya Idi iliyoshonwa na bibi. Baada ya kufariki, nilikabidhiwa mimi. Mwaka mmoja niliikuta imepiga manjano, nami kwa haraka zangu za mkesha wa sikukuu nikaitia kwenye maji yenye dawa kali ya kung'arishia nguo, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa nyeupe pee. Nilipoikamua, uzi ukakatika, vitobo vikaachana, na duara la juu likabaki mikononi mwangu kama wavu uliotoboka. Bibi alikuwa barazani. Hakugomba. Alikitazama kile kitambaa, akaniuliza, "Umeshindwa kuniuliza?"

Nilishindwa kumwuliza, kweli. Na sasa hayupo wa kuulizwa. Ndiyo maana nakuandikia haya.

Basi shika haya. Kazi ya mkono hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, haisuguliwi wala haikamuliwi. Hubanwa ndani ya taulo. Kofia hutiwa wanga, kisha huvalishwa kalibu au mkebe uliolingana na kichwa, ikauke imesimama. Lakini usiiweke kabatini na wanga wake, kwani wadudu huupenda. Ihifadhi bila wanga, uutie mkesha wa Idi.

Mapambo ya ukutani yasipigwe na jua la dirishani, rangi zitakufa. Pwani yetu ina unyevu na chumvi ya bahari, kwa hiyo usifunge kazi yako kwenye mfuko wa plastiki, itaota koga. Iviringishe katika kitambaa cheupe cha pamba, na kila baada ya miezi michache uitoe ipate hewa, ukibadilisha mahali pa mkunjo. Na siku ya sikukuu usipange kila kitu ulicho nacho. Mto mmoja mzuri juu ya kochi tupu huonekana kuliko kumi zilizorundikwa.

BEI YA SUBIRA

Limebaki jambo la pesa, nalo ndilo lenye uchungu.

Utamsikia mteja katika vichochoro vya Mji wa Kale akimwambia mama wa watu, "Kwani mama, hii si kofia tu? Mbona ile nyingine rahisi?" Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtu akishona saa mbili kila usiku kwa siku 40, ni saa 80. Ugawe bei unayomtajia kwa 80, uone unamlipa nini kwa saa moja. Kisha jiulize kama wewe ungekubali kufanya kazi yoyote kwa malipo hayo, huku macho yakiuma chini ya taa.

Sisemi usinunue kofia ya mashine. Mwenye watoto wanne wa kiume na mshahara mmoja hana budi. Nasema usiziite sawa. Ukitaka kujua ya mkono, igeuze ndani utazame upande wa nyuma. Vitobo vya mkono havifanani sawasawa kama vya mashine, na kila kimoja kimezungushiwa uzi wake. Ukiipata, mlipe aliyeishona bila kumchosha kwa maneno. Kama huna uwezo wa kulipa, basi mwombe akufundishe mshono mmoja, nawe umpelekee uzi. Washonaji wengi watafurahi zaidi kwa hilo la pili.

Kwa maana kazi hii haitauawa na mashine peke yake. Itakufa siku mshonaji wa mwisho atakapofunga kikapu chake na mjukuu wake hajui hata kuvisha subana kidoleni. Mashine haikumzuia mtoto kuuliza. Ni sisi tuliomwambia asipoteze wakati.

Jioni ya leo, mpenzi msomaji, ukimaliza gazeti hili, nenda kwa bibi, shangazi au jirani anayejua. Mwamkie kwa adabu, ukae naye mkekani, umwombe akuonyeshe namna ya kuanza. Chukua sindano, uzi na kipande cha leso. Mshono wa kwanza utapinda. Wa kumi utanyooka kidogo. Na Idi ikifika, mtakapokuwa Mama Ngina na upepo wa bahari ukivuma, mtu atamsimamisha mwanao amwulize, "Hiyo umenunua wapi?" Naye ajibu, "Sikununua. Imeshonwa nyumbani."